Nyumba Bila Ardhi

Binamu yangu anafanya kazi Doha, ulinzi wa usiku katika jengo ambalo juu kabisa hajawahi kufika. Mwezi wa Machi alinitumia faili ya kurasa 26 kwa WhatsApp, na chini yake sauti ya sekunde tisa: "Cuzo, nisomee hii kitu vizuri. Si wewe ndiye ulisomea historia?"

Ilikuwa brosha ya fleti za Zanzibar. Bahari ya rangi ile unayoiona kwenye brosha tu, bwawa la kuogelea linaloelekea bahari hiyo hiyo, mwanamke mwenye kofia pana akinywa kitu chenye kipande cha ndimu. Ukurasa wa nne ulikuwa umezungushiwa duara jekundu, lile la kuchora kwa kidole kwenye simu. Ulisema wageni wanaruhusiwa kununua. Ulisema umiliki ni wa miaka 99. Ulisema anayewekeza dola 100,000 au zaidi anaweza kupata kibali cha ukaazi. Binamu yangu hana dola 100,000. Alikuwa anaangalia studio, chumba kimoja chenye jiko kwenye kona, kwa malipo ya awamu. Mpango ulikuwa aikodishe kwa watalii mpaka kazi ya Doha iishe, halafu aone.

Niliifungua nikiwa kwa Dani, nyanya yetu mzaa baba, kwenye kochi lenye vitambaa vya kushona. Anaishi mtaa mmoja wa zamani kando ya Jogoo Road. Sitautaja, kwetu watu wanajuana. Ni nyumba ya mawe ya vyumba viwili, na ameishi humo tangu 1958, mwaka ambao babu alipata funguo. Amezalia humo watoto sita, amezika mume akitokea humo, na ameona mwembe wa nje ukipandwa, ukizaa na ukikatwa. Na ni mpangaji. Kila mwezi, kwa miaka zaidi ya 65, renti. Hakuna siku hiyo nyumba imekuwa yake, na hakuna siku itakuwa yangu.

Kwa hivyo nilipoona neno "mgeni" na neno "kununua" katika sentensi moja, niliudhika kidogo. Huku Eastlands mwenyeji hajaruhusiwa kununua kwake, kule kisiwani mgeni anakaribishwa kwa picha ya ndimu. Nilitaka kumjibu binamu hivyo tu na kufunga simu. Lakini alikuwa ameniomba nisome, na nilivyoendelea kusoma ndivyo hasira yangu ilivyozidi kukosa mahali pa kukaa.

Tuanze na kisiwa. Zanzibar haina kiti chake Umoja wa Mataifa, lakini ina rais wake, Baraza la Wawakilishi lake, bendera yake, na ardhi yake. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, ardhi haikuwekwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Ndiyo maana Mtanzania wa Mwanza akishuka boti pale bandarini Malindi, kwa mambo ya ardhi hahesabiwi kuwa Mzanzibari. Yuko karibu na mimi kuliko unavyodhani.

Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Hata miezi miwili haikuisha kabla serikali ya Karume haijatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa kutoka kwa wenyewe, Waarabu na Wahindi, na watu wa kawaida wakaingizwa humo. Mashamba yakakatwa vipande vya eka tatu tatu na kugawiwa familia zaidi ya 20,000. Mpaka leo mzee wa Unguja akisema "eka tatu" hahitaji kuongeza maelezo. Ng'ambo nako, upande wa pili wa mji, vibanda vikabomolewa na kukainuka majumba marefu ya Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ni marefu mpaka watu huyaita treni.

Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 haikurudi nyuma kwenye hilo. Ardhi ni ya umma, iko chini ya Rais kwa niaba ya watu. Mzanzibari anaweza kupewa haki ya kuitumia. Asiye Mzanzibari anaweza kukodishwa tu, kwa ajili ya uwekezaji, kwa muda unaoweza kufika miaka 99. Mwaka huo huo wa 1992 rasi ya Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi, ingawa ilichukua muda mrefu kabla mji mpya unaouona leo kwenye mabango haujaanza kuinuka. Kisha 2010 ikaja sheria ya kondominiamu, yaani jengo moja lenye wenyewe wengi. Hapo ndipo mlango wa mgeni ulipofunguliwa.

Umefunguliwa kiasi gani? Mgeni hauziwi ardhi hata kipande cha mkeka. Anauziwa fleti: kuta zake, sakafu yake, na fungu lake la ngazi, paa na maegesho. Udongo ulio chini umekodishwa na yule mwekezaji aliyejenga, na mwenyewe ni serikali. Ukitoa picha za bahari, binamu yangu alikuwa anauziwa nyumba bila ardhi.

Nilipoliandika hilo kwenye karatasi niliketi wima, maana nilikuwa nimelisikia zamani. Mombasa, kwenye mitaa kama Majengo, "nyumba bila ardhi" ni kitu kinachojulikana na wakili, karani na mama mwenye nyumba. Mtu anajenga yake, ya udongo na makuti enzi zile, ya mawe na mabati baadaye, juu ya kiwanja cha mwingine, na analipia kile kiwanja kila mwezi. Nyumba anaweza kuiuza, kuipangisha, kuiachia watoto. Ardhi hapana. Siku mwenye ardhi akitaka ardhi yake, nyumba inageuka mzigo wa mabati na mbao.

Ng'ambo ya Unguja ilikuwa hivyo hivyo kabla ya Mapinduzi. Watu waliomiliki vibanda walilipa kodi ya ardhi kwa matajiri wa mjini. Miaka ya 1920 kodi hizo zikapandishwa sana, na 1928 Ng'ambo ikagoma. Wanaume kwa wanawake, tena wanawake wakiwa mstari wa mbele, walikataa kulipa mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati. Hoja yao iliwasumbua mahakimu: sisi ndio tuliojenga, sisi ndio tuliougeuza uwanja mtupu kuwa mtaa, mbona faida ya mtaa iende kwa mwenye karatasi?

Na kuhusu wageni, kisiwa hakijaanza juzi. Mwaka 1839 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Uingereza ambao, pamoja na mengine, uliwaruhusu raia wa Uingereza kununua, kuuza na kukodi ardhi na nyumba katika himaya yake. Hakukuwa na sharti la dola 100,000. Karibu karne moja baadaye, wenye mashamba ya karafuu wakiwa wamezama katika madeni, serikali ilipitisha sheria ya 1934 ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isipite mikononi mwa watu wengine bila idhini. Waliolengwa walikuwa wakopeshaji wa Kihindi, ambao wengi walikuwa wamezaliwa pale pale kisiwani. Ukizisoma sheria hizo mbili pamoja unaona kwamba "mgeni" wa ardhi huamuliwa na nani ana deni na nani ana manowari. Pasipoti huja baadaye.

Kwa hivyo siioni Zanzibar kuwa bahili kwa kumnyima mgeni ardhi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika brosha nzima, ingawa wameliandika kwa herufi ndogo. Visiwa jirani navyo vina komeo zao: Shelisheli mgeni lazima apate kibali cha serikali kabla ya kununua, na Mauritius humfungulia katika miradi maalumu, kwa kiwango cha dola 375,000 akitaka na ukaazi. Nchi ndogo haina ardhi ya kujaribia makosa. Linalonikera ni jingine. Bei zilizoandikwa kwa dola hazikuandikiwa mwalimu wa Mwanakwerekwe. Haki ya ardhi anayo, pesa hana. Na pale nimeanza kumfahamu mwalimu huyo, maana ni kama jirani yetu.

Hapa lazima nivuke bahari nirudi bara, na daraja lipo. Kuanzia 1895 Uingereza ilimlipa Sultani wa Zanzibar pauni 11,000 kwa mwaka kwa ajili ya ukanda wa maili 10 wa pwani ambayo leo ni ya Kenya. Ilikuwa kodi. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa, na koloni likiitwa Kenya huku juu, pale chini liliitwa Himaya. Hilo halikwisha mpaka Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru wetu, Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walipokubaliana. Tulikuwa tumewapangia watu wa kisiwa miaka 68. Sikufundishwa hivyo shuleni. Tulifundishwa tarehe.

Wale wale waliokodi pwani walipofika huku juu hawakukodi kwa mtu. Reli ilifika Nairobi 1899. Mwaka 1902 Sheria ya Ardhi ya Mfalme iliwawezesha walowezi kupata mashamba kwa mikataba ya miaka 99. Wakalalamika: 99 ni michache, benki haitukopeshi vizuri, watoto wetu watakula nini? Mwaka 1915 wakapewa sheria mpya, miaka 999. Mtu aliyeshuka melini na sanduku moja akawa na uhakika wa shamba mpaka mwaka 2914.

Na aliyekuwepo kabla ya meli? Mwaka 1921 Mahakama Kuu, katika kesi ya Isaka Wainaina dhidi ya Murito wa Indangara, iliamua kwamba baada ya sheria ya 1915 na kutangazwa kwa koloni 1920, haki za Waafrika juu ya ardhi zilikuwa zimefutika. Wao ni wapangaji kwa hiari ya Mfalme. Yaani wanakaa mpaka Mfalme atakapotaka vingine. Hiyo kesi ilihusu shamba la Wakikuyu wawili waliokuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe. Walikwenda kortini kuuliza ardhi ni ya nani kati yao, wakaambiwa si ya yeyote kati yao.

Mjini kulikuwa na ngazi nyingine. Waraka wa Devonshire wa 1923 ulikataa ubaguzi wa kisheria wa makazi mijini, ukisikia hivyo unaweza kupiga makofi, lakini hati za viwanja vya upande wa magharibi ziliendelea kubeba masharti kwamba asiye Mzungu hawezi kumiliki wala kuishi hapo, isipokuwa kama mtumishi. Wahindi wakajazana Ngara, Parklands na Eastleigh. Mwafrika alikuwa na kipande shingoni, kwenye kijikebe cha bati, na kipande kilisema ana mwajiri na ana kwao. Kwao maana yake rizavu. Nadharia yote ya Nairobi ilisimama juu ya hilo: Mwafrika mjini ni mpitaji. Amekuja kazi, atarudi. Mpitaji huuziwa nyumba ya nini?

Mahali pekee palipofunguliwa tundu palikuwa Pumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilipima viwanja, ikachora barabara, ikawaambia Waafrika waliotolewa kwenye vijiji vya mjini wajenge wenyewe. Wakajenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Umbo hilo lilipanda na reli kutoka pwani, pamoja na kanzu, maulidi na mahamri. Pamoja nalo ukapanda mpango wenyewe: nyumba ni yako, kiwanja ni cha manispaa. Mombasa Majengo, Nairobi Majengo. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, baadhi yao wamepata pesa kwa kazi ambazo familia zao hazikupenda kuzitaja, na waliwekeza kwenye matofali kwa sababu walijua hakuna rizavu inayowasubiri.

Ng'ambo ya Mto Nairobi kulikuwa na Pangani ya zamani, kijiji kikubwa kilichojengwa vivyo hivyo. Kilibomolewa chote kati ya 1938 na 1939. Mbadala ulikuwa Shauri Moyo, mtaa uliojengwa na manispaa yenyewe, na jina hilo wazee hulielezea kwa namna nyingi lakini zote zina kichwa kikitikiswa. Kutoka hapo mtindo ukabadilika. Badala ya mtu kupewa kiwanja ajenge, anajengewa, apange. Ziwani, Starehe, Kaloleni, Makongeni ya reli, Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho, Jerusalem. Mitaa mingi ilijengwa kwa wanaume wasio na familia, hata wale waliokuwa nazo. Chumba, vitanda, maji nje.

Kaloleni ilikuwa tofauti kidogo. Ilijengwa miaka ya 1940, ikachorwa kwa mtindo wa miji-bustani ya Uingereza, nyumba za familia zikizunguka uwanja, ukumbi, shule na nyasi. Ukipita leo bado unaiona ile ramani chini ya mabati yaliyoongezwa. Vita vya Pili vilikuwa vimewafundisha wakubwa kwamba mfanyakazi mwenye mke karibu hagomi ovyo, au ndivyo walivyotumaini. Kwenye ukumbi wa Kaloleni ndiko siasa za mji zilikokuwa zikichemka. Mbotela na mitaa ya Ofafa yakapewa majina ya viongozi wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa 1952 na 1953. Na alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil, wanajeshi waliizingira mitaa hii na kuwachukua maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kulikuwa na nyumba zilizobaki na sufuria jikoni. Mpangaji kwa hiari ya Mfalme, huo ndio ufafanuzi wake.

Babu alipata funguo miaka minne baadaye. Dani huniambia kwamba hawakuuliza aliyekuwa humo kabla yao. "Tungemuuliza nani?"

Uhuru ulipokuja, umiliki wa nyumba ukageuka wimbo wa serikali. Lakini ulijengwa pembeni, kwenye ardhi mpya. Buruburu, kuanzia miaka ya 1970, kwa mikopo ya nyumba, kwa watu wenye payslipu. Umoja, kwa pesa za Wamarekani. Dandora, kwa pesa za Benki ya Dunia, 1975, ambapo mtu alipewa kiwanja chenye choo na bomba ajimalizie mwenyewe, kwa maneno mengine Pumwani ya pili, ila hii yenye taito mwishoni. Mitaa mingi ya zamani ilibaki kama ilivyokuwa. Mwenye nyumba alibadilisha kofia: Manispaa, Jiji kuanzia 1950, Kaunti kuanzia 2013. Kwetu jina ni lile lile, kanjo. Na mpitaji yule wa nadharia ya kikoloni alipata vitukuu humo humo. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Makongeni, wakazi wakiambiwa wahame kupisha nyumba za bei nafuu. Watu waliozaliwa pale walibeba magodoro wakivuka Jogoo Road kwenda kutafuta ploti Kayole.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nimpigie binamu simu badala ya kumwandikia. Kenya nayo ina sheria ya wageni. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, na si zaidi ya miaka 99. Yeyote asiye raia aliyekuwa na miaka 999, au ardhi ya milele, alijikuta tarehe 27 Agosti 2010 ana 99. Tulishangilia, na bado nashangilia. Mlowezi alirudishwa pale alipoanzia 1902. Lakini kifungu kinamwambia mgeni mwisho wake ni 99. Hakimwambii mpangaji wa Jogoo Road mwanzo wake ni ngapi. Ningempa Dani 99. Ningempa hata 9.

Nilimpigia saa nne usiku, akiwa zamu.

"Niambie tu kama ni fiti ama ni wash wash," akasema.

Nikamwambia si wash wash. Sheria ipo, mgeni anaruhusiwa. Ila asidhani ananunua Zanzibar. Ananunua kuta, na kuta zinakaa juu ya lisi ya mtu mwingine. Nikamsomea maswali niliyokuwa nimeyaandika nyuma ya bahasha. Mkataba mkuu wa ardhi umesajiliwa wapi, na anaweza kuonyeshwa nakala? Akifa, nani anarithi, na anahitaji kibali cha nani? Akitaka kuuza, anaweza kumuuzia yeyote? Ada ya huduma ya kila mwezi nani anaipandisha, na wenye fleti wana kura? Hilo la mwisho alilidharau. Nikamwambia habari za Ng'ambo 1928, akacheka, akasema wale walikuwa wanagombania vibanda. Nikamwambia ndiyo, vibanda vyao wenyewe.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia kiyoyozi cha kule na mlango wa lifti ukifunguka.

"Lakini we, uliza pia hivi," akasema. "Sisi kwa Dani tumelipa pesa ngapi jumla? Tangu babu?"

Sikuwa na hesabu hiyo. Nina sanduku la bati la risiti, za zamani zimeandikwa kwa mkono, nyingine zimeliwa na mende kwenye pembe. Kwa mwezi mmoja mmoja si pesa nyingi. Alichokuwa akisema nilikielewa. Angalau hii ya kisiwani ina karatasi yenye jina langu. Hata kama ni bila ardhi, hata kama ni mgeni. Nyumbani sijawahi kuwa na karatasi ya nyumba yenye jina langu, wala baba, na ile ya Dani mpaka leo ina jina la marehemu.

Na sikuweza kumpinga hapo. Nimelifikiria tangu siku hiyo na bado siwezi. Kuna aina ya ugeni ambao angalau umeandikwa, una masharti, una tarehe ya mwisho, unaweza kuupeleka kortini. Halafu kuna ugeni wetu wa Jogoo Road, wa kukaa miaka 65 bila kuulizwa na bila kuahidiwa. Akiamua kuchukua ule wa kwanza sitamwita msaliti. Nitamwambia tu asome ukurasa wa 19, ule wenye herufi ndogo.

Dani alikuwa ameketi muda wote akichambua sukuma, simu iko spika. Kiswahili chake ni kile cha mitaa ya zamani, kimenyooka kuliko changu. Tulidhani hasikilizi.

"Nyakwara," akaniita, "hiyo miaka 99 inahesabiwa kuanzia lini?"

Nikamwambia kuanzia siku ya kununua, bila shaka.

"Umesoma hivyo ama unasema hivyo?"

Nikarudi kwenye faili. Ukurasa wa nne haukusema. Ukurasa wa 19 ulisema haki ya mnunuzi "itafuata muda wa ukodishaji mkuu", basi. Ukodishaji mkuu ni ule wa mwekezaji na serikali. Kama ulianza zamani, saa ilianza kugonga zamani. Na kama serikali ilimpa mwekezaji muda mfupi wa kwanza na ahadi ya kuongeza, basi 99 ni jumla ya kitu ambacho nusu yake bado hakijatolewa. Kurasa 26 zote nimezisoma mara mbili, na shahada yangu ya historia, na sikuliona hilo.

Binamu akamwandikia wakala usiku ule ule, akiwa kwenye kiti cha zamu: miaka 99 inaanza lini? Jibu lilikuja kesho yake saa sita mchana, lenye ua na alama ya mikono iliyokunjwa. Wakala alisema ni swali zuri sana, hajawahi kuulizwa, na ataulizia ofisini. Malipo ya kwanza yangepaswa kuingia Ijumaa. Binamu ameyashikilia. Dani ameniagiza nilete lile sanduku la bati kutoka juu ya kabati, tuzipange risiti kwa mwaka.